Mama Ng'ambo na Darasa la Salamu

Kwao walimwita Mama Ng'ambo, na jina hilo lilikuwa na mikogo ambayo mwenyewe hakuwa nayo. Majirani walipolitaja, walimwona amekaa ndani ya ofisi ya vioo, kiyoyozi kinampuliza, watoto wa watu wakubwa wamemzunguka na kompyuta zao. Kioo kweli kilikuwepo. Darasa lake lilikuwa na ukuta mmoja wa kioo upande wa ukumbini, ili wazazi wakae kwenye mabenchi ya nje wamtazame mwalimu wa kigeni akifanya kazi, kama mtu anavyomtazama kinyozi akimnyoa mwanawe huku akihofia sikio.

Kioo kile kilikuwa akili ya Mkurugenzi. Huyu bwana, mwenye lile tawi la shule ya Kiingereza, aliuza magodoro miaka mingi kabla hajagundua kwamba Kiingereza hakihitaji lori la kukipeleka kwa mteja. Chenyewe alikijua maneno mawili, "veri gudi," na aliyatumia kwa kila jambo, hata bomba la chooni lilipopasuka. Lakini biashara aliijua. Mteja, alisema, hupenda kitu kinene. Kwa hiyo vitabu vya shule vilikuwa vinene, vyeti vilichapwa kwenye karatasi nene, na alipomtambulisha mwalimu wa kigeni kwa wazazi wapya alimpigapiga bega kidogo, pap pap, ili waone kwamba ndani amejaa.

Chumba alichompa kilikuwa juu kabisa ya jengo hilohilo, stoo ya zamani ya magodoro ya maonyesho. Machache hayakupata mnunuzi, naye Mama Ng'ambo aliyapanga moja juu ya jingine akalala kileleni, pua karibu na dari, na asubuhi akashuka kwa kukanyaga kiti. Kulikuwa na jiko la umeme la jicho moja, sinki ambalo lilikuwa la kuoshea vyombo na uso, na dirisha lililotazamana na dirisha la watu wengine, nao walikuwa wameteremsha pazia tangu siku ile alipowapungia mkono.

Hilo la kupunga mkono ndilo lililomponza tangu mwanzo. Alitoka kwenye nchi ambayo mtu haombi hata kiberiti kabla ya kuuliza umeamkaje, watoto wazima, kazi inakwendaje, na yule mgonjwa wenu. Alifika na tabia yake nzima nzima, hakupunguza kitu. Siku ya kwanza kwenye lifti alimwambia mwanamke mmoja habari za asubuhi, akamuuliza kama amelala salama na kama nyumbani hawajambo. Yule mwanamke alikumbatia mkoba wake.

"Sinunui," akamwambia.

Muuza mboga alidhani anataka kupunguziwa bei. Dereva wa basi alimwonyesha kibao kilichokataza kuongea na dereva. Mlinzi wa jengo, baba mmoja mnene wa masharubu, aliulizwa habari za watoto akapeleka taarifa kwa Mkurugenzi kwamba yule mgeni anachunguza familia yake. Baada ya miezi michache Mama Ng'ambo alijifunza kupita katikati ya umati mkubwa bila kumwambia mtu neno, na jioni akifunga mlango alihisi koo limekauka kwa kutotumika. Alikuwa mpweke, tuseme ukweli, mpweke hadi akawa anaisemesha sufuria.

Basi salamu zote alizonyimwa nafasi barabarani alizishusha darasani.

Kitabu kinene cha shule kilikuwa na ukurasa wa salamu. Mtoto mmoja kwenye picha anamuuliza mwenzake hujambo, mwenzake anajibu sijambo asante na wewe je, halafu wote wawili wanaachana wakitabasamu na ukurasa unaofuata unaanza matunda. Mama Ng'ambo aliutazama ukurasa ule akaona haya kwa niaba ya aliyeuandika. Umemuuliza mtu hujambo, kisha unakimbilia ndizi? Akakifunga kitabu. Akawafundisha wale watoto, kwa Kiingereza sanifu kabisa, namna binadamu anavyosalimiwa: wewe hujambo, nyumbani hawajambo, mama hajambo, baba je, umelalaje, kazi inakwendaje, safari ilikuwaje. Na akawafundisha kujibu. Huko kwao mtu akiulizwa habari hujibu nzuri, hata kama nyumba imeungua usiku wa jana. Hiyo ni adabu, wala si uongo. Kwanza mnamaliza salamu zote vizuri, kila kitu kizima, kila mtu salama. Halafu kunakuja kimya kidogo. Halafu ndipo mtu anasema, "Ila tu," na hapo ndipo habari yenyewe inapotoka, moto, msiba, mguu uliovunjika, lolote.

Watoto waliipenda hiyo "ila tu" kuliko mchezo. Kila somo lilianza kwa kuzunguka darasa zima. Mimi mzima, nyumbani wazima, nimelala salama, ila tu jino langu linacheza. Ila tu dada amechukua kitanda changu. Ila tu samaki wetu amekufa, tumemtia ndani ya choo, tukavuta maji. Na wenzao wote kwa pamoja wakajibu "Pole!" kwa sababu kwenye Kiingereza Mama Ng'ambo alikosa neno la kumtosha, akaamua kuwapa la lugha ya kwao yeye. Wengine walitoka nyumba ambazo kila mtu anakula na simu yake mkononi. Hawakuwahi kuulizwa wameamkaje na mtu mzima aliyetulia kusubiri jibu.

Wazazi nje ya kioo hawakuelewa neno, kwani wangeelewa wangelipia nini? Lakini waliona midomo ya watoto wao ikienda bila kupumzika, wakafurahi. Aliyekasirika ni Mkurugenzi.

"Hujafika kwenye matunda," alimwambia siku moja ofisini kwake, kwa lugha ya pale, ambayo Mama Ng'ambo alikuwa ameshaielewa vya kutosha kugombezwa nayo. "Darasa la Mrefu limefika kwenye wanyama wa porini. Wewe bado unasalimia."

Mrefu alikuwa mwalimu mwingine wa kigeni. Alikuwa na macho ya buluu na nywele za rangi ya majani makavu, na picha yake ilibandikwa kwenye bango la shule nje barabarani, ingawa Kiingereza naye alijifunza ukubwani kama watu wengine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu anayepita.

"Mtathmini anakuja," Mkurugenzi akaendelea, akashusha sauti. Mtathmini alitoka makao makuu ya shule zile, akitembelea tawi baada ya tawi kuamua nani abaki na nani arudi kwao. "Atakaa darasani kwako, na wazazi nyuma. Hatutaki habari za samaki aliyekufa. Utafuata kitabu. Sijambo, asante, na wewe je, matunda. Umenielewa?"

Mama Ng'ambo alimwelewa, akaogopa. Si kwa sababu ya kazi yenyewe. Aliyepewa mkataba wa pili alipewa na nyumba ya vyumba viwili, na mwenye vyumba viwili aliruhusiwa kuleta mtoto. Alikuwa na binti, wa pekee, aliyemwacha kwa bibi yake akiwa bado hajajua kufunga kamba za viatu. Alitumia asubuhi za mwaka mzima kufikiria vile vyumba viwili. Kitanda cha mtoto alishakiweka, kwa mawazo, upande wenye jua.

Jumapili alikuwa akipiga simu kwao. Daima binti ndiye aliyepokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Shule?"

"Nzuri."

"Bibi yuko wapi?"

"Huyu hapa nampa."

Bibi mtu alikuwa na sauti ya kuvuka mabonde, na hakuamini simu hata siku moja, kwa hiyo alipiga kelele ili maneno yafike. "Sisi huku wazima! Wazima kabisa! Usiwe na wasiwasi na sisi, fanya kazi yako!" Naye Mama Ng'ambo, aliyewafundisha watoto wa watu kusubiri kile kimya kidogo baada ya salamu, alikuwa na nguo za kuanika, madaftari ya kusahihisha, na bando lililokaribia kuisha. Alisema haya mama, nashukuru, tutaongea wiki ijayo. Akakata.

Jumapili ile kabla ya Mtathmini alimwambia binti, "Tuombeane. Mambo yakienda vizuri utakuja kuishi na mimi."

Upande wa pili kukawa kimya. "Sawa mama," binti akasema.

Mama Ng'ambo alidhani ni furaha imemkaba.

Wiki nzima aliwafundisha watoto kusahau. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kufundisha, na mwenye shaka ajaribu. "Leo tunasema sijambo, asante, na wewe je. Basi. Hatuulizi la mama, hatuulizi la safari." Watoto wakamtazama kama mtu aliyeugua. Kulikuwa na msichana mmoja mwenye mikia miwili ya nywele na sauti nzito, wenzake wakimwita Kamanda kwa kuwa ndiye aliyeamua nani akae wapi. Kamanda akanyoosha mkono.

"Na mgeni akiwa na jambo?"

"Hana jambo."

"Utajuaje kama hujamuuliza?"

Mama Ng'ambo akafungua ukurasa wa matunda.

Siku yenyewe ilipofika, Mkurugenzi alivaa tai ya harusi. Wazazi waliingizwa darasani, wakakalishwa nyuma kwenye viti vya watoto, magoti yakiwa usawa wa masikio, kila mmoja na simu yake juu akirekodi. Mtathmini aliingia akivuta begi la magurudumu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, mwenye viatu vya kisigino vilivyogonga sakafu ko, ko, ko, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kiasi cha kumtisha hata mwalimu wa Kiingereza.

"Hamjambo, watoto?" akauliza.

"Hatujambo, asante, na wewe je?" wakajibu kwa sauti moja, kama kitabu kilivyotaka.

"Sijambo," akasema Mtathmini, akakaa, akafungua kalamu.

Mama Ng'ambo akashusha pumzi. Akachukua picha ya ndizi. Na hapo ndipo alipoona kwamba hakuna mtoto hata mmoja anayeitazama ndizi. Wote walikuwa wamemgeukia Mtathmini, nyuso zimeingia wasiwasi, kama watu wa nyumbani wanaomwona mgeni ameachwa mlangoni na hakuna aliyemwambia karibu ndani. Kamanda alijikaza kadiri alivyoweza. Alikaza mpaka mashavu yakawa mekundu. Kisha akasimama.

"Na nyumbani kwako hawajambo?"

Mtathmini akainua uso. "Nyumbani? Hawajambo, asante."

"Mama yako je?" akadakia mwingine.

"Mzima."

"Umelala salama?"

"Nimelala salama."

"Kazi inakwendaje?"

"Na safari ilikuwaje?"

"Njema," akasema Mtathmini, akigeuka huku na huku kama mtu anayerushiwa mipira. "Zote njema."

Halafu darasa likanyamaza. Hawakumuuliza tena. Walikunja mikono juu ya meza wakamtazama, wametulia tuli. Mama Ng'ambo alikijua kimya kile, yeye ndiye aliyekipanda. Aliona kile kitanda cha upande wenye jua kikibebwa, kikitolewa mlangoni, kikiteremshwa ngazi.

"Mnasubiri nini?" Mtathmini akauliza.

"Tunakusubiri wewe," akasema Kamanda kwa upole. "Umeshajibu zote. Sasa unaweza kusema."

"Kusema nini?"

"Ila tu."

Mtathmini alimtazama mwalimu. Mwalimu aliitazama ndizi. Kalamu ikagonga meza, mara moja, mara mbili, kisha ikalala.

"Ila tu," akasema Mtathmini polepole, "miguu inaniuma. Viatu hivi ni vibaya. Kila siku nalala mji tofauti na sina wa kumwambia viatu hivi ni vibaya."

"Pole!" darasa zima likamjibu, na wazazi kule nyuma, bila kujua ni nini, wakapiga makofi.

"Veri gudi!" akasema Mkurugenzi.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kulizuia lile jambo. Mtathmini, kwa adabu, akawauliza na wao: nyinyi je, nyumbani hawajambo? Mikono ikainuka yote. Mtoto wa kwanza alisema wote wazima, baba mzima, mama mzima, ila tu baba anasema shule hii ni wizi mtupu na Mkurugenzi ana uso wa mwizi. Baba mwenyewe alikuwa ameketi nyuma, anarekodi, machozi ya fahari yanamlengalenga kwa urefu wa sentensi ile.

"Veri gudi, veri gudi!" Mkurugenzi akapiga makofi hadi tai ikakaa upande.

Mwingine akasema kwao wazima, ila tu bibi yake anaiba sukari na anamsingizia paka. Kisha Kamanda. Nyumbani kwao kuzuri, alisema, mama mzima, baba mzima, ila tu hawasemezani tangu sikukuu zilizopita, na yeye ndiye anayetumwa, mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako sili. Mama na baba wa Kamanda walikuwa wamekaa viti vya jirani, bega kwa bega, wanamtabasamia. Safari hii watoto walisema pole kwa sauti ndogo. Mtathmini akavua kiatu kimoja chini ya meza, na ndizi haikutajwa mpaka kengele ikalia.

Ukumbini, mbele ya wazazi, Mkurugenzi alimkimbilia. "Walikuwa wanasema nini, mheshimiwa?"

"Walikuwa wanasalimia," akasema Mtathmini.

Akaomba nafasi ya kukaa na mwalimu faragha. Walikaa kwenye ofisi ya Mkurugenzi, kati ya makabati ya vyeti vinene, na Mtathmini akasema kwamba katika matawi yote aliyopita watoto wanajua majina ya wanyama wa porini lakini hajawahi kukuta hata mmoja anayemwambia mtu jambo. Hawa wanaongea. Alitaka shule zote zianze hivyo. Kwa hiyo Mama Ng'ambo hatabaki kuwa mwalimu; atakuwa mkufunzi wa walimu, atazunguka matawi yote, mji huu mwezi huu, mji ule mwezi ujao, hoteli juu ya kampuni.

"Unaonaje?" akauliza.

"Vizuri," akasema Mama Ng'ambo. "Vizuri sana. Nashukuru mno."

Angejibu nini kingine? Mtu amekuletea kheri, unaanza kwa kumkatalia? Unashukuru kwanza. Unasema vizuri, mnatulia kidogo, mnaongea la hali ya hewa, na ndipo unaingiza lako. Alikuwa nalo lake, limejaa mdomoni, anangoja kile kimya. Lakini Mtathmini hakuwa mtoto wa darasa lile. Alikuwa amepata somo la saa moja tu. Alifurahi, akampa mkono, akavaa kiatu, akavuta begi lake, ko, ko, ko, akaondoka.

Mkurugenzi, aliyeshaambiwa mlangoni, akaingia anacheka meno yote nje.

"Na vile vyumba viwili?" Mama Ng'ambo akamuuliza.

"Vya nini tena? Mkufunzi hana nyumba, analala hotelini! Tayari nimempa Mrefu."

Lifti ilikuwa ghorofa nyingine. Akashuka ngazi mbio, na watu aliopishana nao wakajibana ukutani. Gari la Mtathmini lilikuwa limeshawashwa pale mbele, chini ya bango la Mrefu. Mama Ng'ambo akashika mlango kwa mikono miwili. Maishani mwake hakuwahi kumwambia mtu neno bila kumtangulizia salamu, hata polisi, hata mwizi aliyemkuta jikoni miaka ile ya ujana wake. Siku ile hakusalimia.

"Nina mtoto," akasema. "Sitaki hoteli. Nataka vyumba viwili na mtoto wangu."

Mtathmini akazima gari. "Mbona hukusema kule juu?"

"Ndiyo nasema."

Mtathmini alikaa na mikono juu ya usukani. Halafu akauliza mtoto ana umri gani, na kama anapenda shule, na kwa mara ya kwanza katika mji ule mtu mzima alimuuliza Mama Ng'ambo habari za nyumbani akatulia kusubiri.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Mrefu akapewa ukufunzi. Yeye ambaye hakuwahi kumwambia mtu habari za asubuhi sasa anazunguka nchi nzima na begi la magurudumu, akiwafundisha walimu kuulizana hali za mama zao. Salamu zimeingizwa kwenye kitabu kama sura mpya, na Mkurugenzi ameridhika, maana kitabu kimezidi unene. Mama Ng'ambo akahamia kwenye vyumba viwili na magodoro yake, akayagawa: mengi kwa mtoto, moja jembamba kwake.

Akapiga simu kwao hata haikuwa Jumapili. "Mama, mtoto anakuja! Mambo yamekubali!"

"Nimefurahi mwanangu!" bibi akapiga kelele. "Nimefurahi sana! Atakuja, atakuja! Sisi huku wazima!"

Binti alifika akiwa ameshikwa mkono na mhudumu wa ndege, mrefu kuliko alivyomfikiria, koti limembana mabegani. Mama Ng'ambo alilia bila kujificha katikati ya watu na mabegi yao. Akamuuliza yote kwa zamu, safari, shule, majirani, bibi, na binti akajibu yote vizuri, njema, hajambo. Walifika nyumbani. Mtoto akaoga, akala, akarudia sahani, akaonyeshwa kitanda. Jua lilikuwa limekifikia kweli, kama ilivyopangwa. Alikaa ukingoni mwa lile rundo la magodoro, miguu inaning'inia.

"Mama, nani atamsomea bibi chupa za dawa?"

"Hawezi kusoma mwenyewe? Miwani yake iko wapi?"

"Miwani haimsaidii. Haoni."

"Haoni vipi?"

"Haoni. Anaona mwanga tu, mlango ukifunguliwa. Chai nammiminia mimi. Chooni nampeleka mimi. Akitembea peke yake anagonga kabati."

Mama Ng'ambo alitafuta kiti kwa mkono, akakipata, akakaa. "Tangu lini?"

"Tangu zamani. Ndiyo maana simu nilikuwa naipokea mimi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Bibi alisema ukijua utaacha kazi urudi." Mtoto akaanza kukunja pindo la shuka, akalikunja dogo, dogo zaidi. "Akasema nikwambie nikishafika. Nikishakula."

Mama Ng'ambo akachukua simu. Vidole vilikosea namba, akaanza upya. Kule upande wa pili iliita muda mrefu, mrefu kuliko siku zote, ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, akasikia kitu kinaanguka, kishindo cha kiti kinachosukumwa, kikombe, mkono unaopapasa juu ya meza. Kisha sauti ile ya kuvuka mabonde.

"Haloo! Amefika? Amekula?"

"Amefika, mama. Amekula." Alibaki na simu sikioni, na safari hii hakukata. Alisubiri. "Nyie huko hamjambo?"

"Sisi huku sote wazima!" akajibu bibi, na katika nyumba ile nzima alikuwa peke yake.